Transfoma ya Tabaka Tatu

Machi 4, Jumatatu

Daftari hili nimepewa na shemeji, mke wa mdogo wangu. Lilikuwa kwenye droo ya meza ya mumewe, jipya, halijaandikwa hata mstari. "Chukua wewe, shemeji," akaniambia. "Mimi nikiliangalia naona kitu alichonunua akakosa nafasi ya kukitumia."

Kuandika kwangu mimi ni lebo tu. Nasuka transfoma tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, sasa nina sitini na moja, na kila niliyoisuka nimeibandika karatasi: unene wa waya, idadi ya mizunguko, tarehe, nimesuka mimi. Basi nitaandika humu kama ninavyoandika lebo. Kilichomo ndani, hicho hicho.

Mdogo wangu leo ana siku ishirini na mbili tangu atutoke. Kifua. Mawingu yanakusanyika, mvua bado.

Machi 5, Jumanne

Nimesuka mota ya pampu. Mvua bado.

Machi 9, Jumamosi

Karakana yetu ni chumba kimoja chenye meza mbili zinazotazamana. Yangu iko dirishani, maana waya mwembamba kama unywele unataka mwanga. Yake iko ukutani, kwa sababu yeye alifanya kazi kwa masikio. Watu walimwita Sikio. Ukimletea redio mbovu haifungui kwanza. Anaiwasha, anainamisha kichwa, anazungusha njiti ya kiberiti mdomoni, kisha anasema, "Hii ilianguka kutoka kabatini, na aliyeiangusha hajasema." Mwenye redio anageuka kumtazama mkewe.

Utotoni alikuwa analala ameegemea redio ya baba. Asubuhi shavu lake lina alama za kitambaa cha spika, miraba midogo midogo. Nilikuwa namwita Wavu. Analia, kisha anarudi kulala palepale.

Juu ya meza yake imebaki mashine yake ya mwisho, amplifaya ya kukuzia sauti, ya vali zile za kioo zinazowaka kama taa, aliyomjengea Mwalimu. Mwalimu ndiye aliyetufundisha kusoma sisi wote wawili. Amestaafu zamani, ana santuri zaidi ya mia mbili na masikio yaliyoanza kumkimbia. Alimwambia mdogo wangu, "Nataka nizisikie zote mara moja kabla sijawa kiziwi, na nizisikie sawasawa." Mashine haikumfikia. Inawaka vizuri, inaimba vizuri, na baada ya robo saa vali zinaanza kuwa nyekundu bila sababu na sauti inakuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua.

Siku ya msiba Mwalimu alisema mbele ya watu, tena kwa huruma kabisa, "Maskini, mikono ilikuwa imeshamchoka. Mashine yake ya mwisho ilimshinda." Shemeji alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale. Aliinamisha kichwa. Mimi pia nilikuwa pale, na sikusema kitu.

Machi 11, Jumatatu

Leo nimejaribu kukumbuka alivyonieleza rejesho. Mimi michoro siijui, najua waya tu. Ilikuwa mwaka jana, tukinywa chai.

"Kaka, sauti inaingia ndogo inatoka kubwa. Sasa pale inapotokea nachukua kidogo, nairudisha mlangoni kwa waya huu, ipimwe na ile inayoingia. Mashine ikiwa imetia chumvi, rejesho linaipunguza. Inajisahihisha yenyewe."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni njia. Ikichelewa njiani, inafika wakati wa kusahihisha umepita. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea? Ukimsukuma anapokujia, unamtuliza. Ukimsukuma anapoondoka, unamrusha. Mkono uleule, nguvu ileile."

"Na ikirushwa hivyo inapiga kelele?"

"Ingepiga kelele ningeshukuru. Inalia juu sana, sikio halifiki. Hata hili langu. Wewe unaona joto tu."

Kwa hiyo alikuwa na redio ndogo ya mfukoni aliyoiita Mpelelezi. Anaiweka kando ya mashine, anaifungua katikati ya stesheni mbili. Mashine ikianza kulia kule juu kusikosikika, Mpelelezi anapiga mluzi.

Nilimuuliza pia ni kitu gani kinachoichelewesha sauti. Akanitazama kidogo, akapuliza chai yake. "Vitu vingi, kaka. Transfoma zaidi."

Machi 15, Ijumaa

Mvua ya kwanza, saa nane mchana, imekuja na vumbi lake. Bati linanguruma, husikii hata unachowaza. Siku kama hizi yeye alikuwa anaacha kazi, anageuza kiti, tunapiga soga kwa kupayuka. Leo nimekaa nikiitazama meza ya pili.

Nitaandika sasa. Lebo isiyosema kilichomo ndani ni uongo.

Mwezi wa kumi alinipa karatasi ya kusuka transfoma ya kutolea, ile kubwa inayokaa kati ya vali na spika. Karatasi ilisema tabaka saba: waya mwembamba, waya mnene, mwembamba, mnene, hivyo mpaka saba, na karatasi ya kutenga kila katikati. Zikipishana hivyo, waya wa kuingilia na waya wa kutolea wanakuwa kama watu wa chumba kimoja, habari inafika papo hapo. Zisipopishana wanakuwa watu wa mitaa miwili.

Nilisuka tatu. Nusu ya mwembamba, mnene wote, kisha nusu ya pili. Mizunguko niliitimiza, hata ukiipima kwa mita huoni tofauti. Kifundo cha mkono kilikuwa kinauma, kulikuwa na joto, nikajiambia, ndani ya transfoma huwa anaingia nani? Nikapaka vanishi, nikafunga mabati, nikamkabidhi. Lebo sikubandika. Katika maisha yangu ni hiyo moja tu isiyo na lebo.

Aliuliza mara moja. Ilikuwa Novemba, mashine imefunguliwa tumbo mbele yake. "Kaka, tabaka zilikuwa saba?"

"Unanifundisha kazi? Mimi nimeanza kusuka wewe ukiwa unajikojolea."

Akacheka. "Haya, kaka. Yaishe."

Hakuuliza tena. Alibadilisha vali. Alihamisha waya. Alichora, akafuta, akachora. Kikohozi kikaanza na bado anachora. Alikufa akilitafuta kosa katika kazi yake, na kosa liko katika kazi yangu. Na watu wanasema mikono ilimchoka.

Machi 16, Jumamosi

Mvua.

Machi 18, Jumatatu

Mvua. Mteja wa pampu amekuja, amesifu. Niliona haya kama mwizi anayesifiwa kwa viatu alivyovaa.

Machi 19, Jumanne

Mvua ilipumzika kidogo asubuhi nikaiwasha mashine. Nikamweka Mpelelezi pembeni, kama alivyokuwa akifanya yeye. Dakika ya nne akaanza mluzi, mwembamba, bila kupumua. Mimi kwa masikio yangu sisikii kitu kutoka kwenye mashine. Vali zinang'aa vizuri tu, ungedhani nyumba ina amani.

Nimeizima.

Machi 24, Jumapili

Mke wangu asubuhi hii, akiwa anapepeta mchele: "Siku hizi unahesabu usingizini."

"Nahesabu nini?"

"Sijui. Ukifika tatu unaanza upya."

Nikamwambia yote. Aliendelea kupepeta mpaka mchele ukawa safi kuliko unavyohitaji kuwa. Kisha akasema, "Umemwambia asiyehusika. Mimi nitakupikia tu."

Machi 30, Jumamosi

Nimekwenda kwa shemeji, dukani kwao anakopiga pasi nguo za watu, nimebeba shati kama kisingizio. Nilikuwa nimejiandaa. Nilipofika akaniambia Mwalimu amepita, kwamba mvua zikiisha mashine itachukuliwa na fundi wa mtaa wa pili, avunje, achukue vali, amjengee nyingine. "Anasema huyo fundi amecheka," shemeji akasema. "Eti Sikio lilikuwa limeziba."

Hapo ndipo pa kusema palipokuwa. Nilisema, "Mvua hii haitaisha mapema." Nikaondoka na shati langu.

Aprili 3, Jumatano

Mvua. Maji yameingia chini ya mlango. Nimepandisha mabati juu ya matofali.

Aprili 8, Jumatatu

Nimesema.

Nilifika kwa shemeji saa nne. Alikuwa peke yake, lundo la mashati kulia, lundo lililonyooshwa kushoto. Aliponiona akajaribu kuwa wa zamani. Zamani alikuwa ananiambia mbele ya mdogo wangu kwamba mimi ni mume wake wa akiba, ila akiba yenyewe imeingia wadudu, na mdogo wangu anacheka mpaka anakohoa.

"Shemeji, umeleta shati au umekuja kukagua?"

"Nimekuja na neno."

"Litue."

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Tabaka saba, tabaka tatu, swali la Novemba, nilivyomjibu, na msibani nilivyonyamaza. Yeye alikuwa ameweka pasi kwenye kola ya shati na hakuiinua. Nilisikia harufu ya kuungua kabla yake. Alipoinua, kola ilikuwa na alama ya kahawia.

"La mteja hili," akasema.

"Nitalilipa."

"Achana na shati." Akaiweka pasi kando. "Miezi mitatu, shemeji. Miezi mitatu mtu hali akashiba. Nikamwambia, si umwambie kaka yako akusaidie? Unajua alinijibu nini? 'Kaka kazi yake ameshamaliza.' Nikadhani anakusifu."

Akalikunja lile shati lililoungua, akaliweka pembeni.

"Na mlikuwa mnakunywa chai pamoja."

"Ndiyo."

"Meza kwa meza."

"Ndiyo."

"Mwalimu aliposema maneno yale msibani nilikutafuta kwa macho. Nilijua utasema, huyu ni kaka mtu, hatakubali. Nikakuona unatazama viatu vyako."

"Ni kweli."

Akachukua shati jingine, akalitandaza, akalinyunyizia maji. Mikono yake ilikuwa inajua kazi ingawa yeye mwenyewe hakuwepo pale. "Nenda, shemeji," akasema. "Sikutukani. Nenda tu."

Nilitembea kwenye mvua nikiwa nimesahau mwavuli kwake. Nilidhani nikisema nitapata nafuu. Sijapata. Nimepata tu mtu wa pili anayeumia.

Aprili 9, Jumanne

Sikwenda kazini.

Aprili 14, Jumapili

Mwavuli umeletwa na mke wangu kutoka sokoni. Alikutana na shemeji huko. Hakutuma salamu.

Nimeamua. Nitasuka saba. Karatasi yake ya kusukia bado ninayo, ina doa la chai. Nitaitoa ile yangu ya uongo, nitaweka ya kweli, mashine itatulia, nitaipeleka kwa Mwalimu kabla mvua hazijaisha na nitasema mbele yake kazi ya nani ilikuwa mbovu. Zaidi ya hapo sijui kuomba radhi kwa njia nyingine.

Aprili 15, Jumatatu

Tabaka la kwanza. Polepole. Kifundo kinauma na nakiacha kiume.

Aprili 17, Jumatano

La pili. Waya mnene hauna shida.

Aprili 22, Jumatatu

La nne. Waya mwembamba ulikatika mzunguko wa mia tatu na kitu. Zamani ningeunga, nikafunika kwa karatasi, nani angejua. Nimefungua lote, nimeanza upya.

Nikiwa nafungua nimekumbuka: akiwa na miaka kama saba hivi alinishikia kibiringo cha waya mchana kutwa, mimi nikiwa najifunza kwa fundi wangu. Nilimpa kazi hiyo ili asinisumbue. Jioni nikamkuta bado ameshika, amekaa palepale, amejikojolea kwa kuogopa kuuacha waya ulegee. Nilimcheka hadharani. Na Novemba nikamtupia tena usoni.

Aprili 27, Jumamosi

La saba. Nimemaliza saa tisa. Nimepaka vanishi.

Mei 2, Alhamisi

Vanishi haikauki. Hewa yote ni maji. Nimeifungia ndani ya boksi pamoja na taa ya umeme iwake mchana kutwa, kama kifaranga. Nje mvua inanyesha kidogo kidogo sasa, na ndicho kinachonitia wasiwasi, inanyesha kama inayoaga.

Mei 6, Jumatatu

Ukiigusa bado inashika kidole.

Fundi wa mtaa wa pili amepita kuniuliza lini achukue mashine. Si mtu mbaya. Aliangalia chini ya mashine, akaona kazi ya mdogo wangu, waya zote zimelala sambamba kama nywele zilizochanwa. Akazipitishia kidole. "Huyu hakuchoka mikono," akasema. Nikamwambia, "Hapana. Subiri wiki moja."

Mei 10, Ijumaa

Imekauka. Asubuhi nimeichomoa ya zamani kwenye mashine ili niweke mpya.

Ina bolti nne. Nilizifungua, nikayeyusha waya zake kwa chuma cha kulehemu, nikainyanyua. Ni nzito kama mtoto wa mwezi. Chini yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Sisi mafundi huweka karatasi au kipande cha mpira chini ya transfoma isitetemeshe chuma, kwa hiyo sikushtuka. Nilitaka kuitupa. Ikafunguka kidogo nikaona mwandiko wake.

Nanakili yote, isije ikapotea.

Juu kabisa: *Novemba 20. Transfoma ya kaka: tabaka 3.* Na chini yake amepiga mistari miwili: *Isiguswe. Turekebishe huku.*

Halafu mchoro, na hesabu, nyingine amezikata, na tarehe. Desemba. Januari, mara nne. Za Januari mwandiko umelegea. Ya mwisho ni Februari 6, siku tano kabla hajatutoka. Hapo amechora vipande viwili vidogo vya umeme, rezista moja na kapasita moja, zimefuatana, kutoka kwenye vali ya kwanza hadi kwenye bati, amezizungushia duara na kuandika: *Hii ndiyo.* Na pembeni, kwa herufi ndogo, kama anavyosema mtu na nafsi yake: *Inazipunguza sauti za juu mno kabla hazijachelewa. Tunapoteza kidogo huko juu. Mwalimu hatasikia. Kaka hatasikia. Mimi nitasikia kidogo.*

Nilikaa chini, sakafuni, kati ya meza mbili.

Alijua. Tangu Novemba. Siku ile aliponiuliza alikuwa tayari anajua, alikuwa ananipa mlango, na mimi nikaufunga kwa kelele. Basi akaacha. Hakuniambia nisuke upya. Alichukua mashine yake, aliyoifikiria miaka, akaanza kuibadilisha kidogo kidogo ili iweze kukaa na kosa langu. Miezi mitatu ile haikuwa ya kutafuta. Ilikuwa ya kunitengenezea nafasi.

Na karatasi akaiweka pale. Fundi mwingine yeyote angeanza na vali, angevunja, asingeiona. Wa kuja kuitoa transfoma ni mtu mmoja tu, anayejua kilichomo ndani yake.

Mei 11, Jumamosi

Nimeipekua droo yake. Kulikuwa na boksi la kiberiti, ndani yake rezista moja na kapasita moja, amezifunga pamoja kwa uzi. Chini ya vali ya kwanza kuna vishikio viwili vitupu ambavyo nimevitazama miezi yote hii bila kujiuliza vinamngoja nani. Siku aliyoandika *Hii ndiyo* ndiyo siku aliyopelekwa hospitali.

Sikuweka ile mpya. Vitu hivi viwili vilipimwa kwa ajili ya transfoma ya zamani, na mtu wa kuvipima upya hayupo. Na zaidi, ameandika isiguswe.

Nimeirudisha. Kabla ya kufunga bolti nimeibandika lebo, miezi saba baadaye: *Tabaka tatu. Ziliagizwa saba. Nimesuka mimi.* Nikalehemu vile viwili mahali pake. Mara ya kwanza havikushika vizuri, nikarudia. Nikaiwasha, nikamweka Mpelelezi pembeni.

Dakika nne. Robo saa. Nusu saa. Mpelelezi alikuwa anavuma tu ule mvumo wake wa kawaida. Vali zilikuwa na joto la kawaida, na rangi yake ya chungwa haikubadilika.

Mei 12, Jumapili

Nimempelekea shemeji karatasi. Alisoma akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Alisoma mara mbili.

"Kwa hiyo alijua," akasema.

"Alijua."

"Na mimi mwenyewe akaninyamazia."

"Angekuambia, ungekuja kunivunja kichwa."

"Ningekuja." Aliikunja karatasi kufuata mikunjo yake ileile. "Hii inabaki kwangu."

"Ni yako."

"Usidhani imekwisha, shemeji. Yeye alikusamehe kwa hesabu zake. Mimi hesabu sijui."

Nikamwambia Jumapili ijayo naipeleka mashine kwa Mwalimu, na ninachokwenda kusema kule. Alisema atafikiria.

Mei 15, Jumatano

Manyunyu. Kazi ndogo ndogo.

Mei 19, Jumapili

Shemeji alikuja. Alikuwa amefika kabla yangu, amekaa pembeni ya kabati la santuri, mkoba magotini.

Mwalimu alinipokea kama kawaida yake. "Wewe kijana, futa miguu." Nina wajukuu wanne. Nilifuta.

Niliweka mashine mezani, nikaigeuza ili aione lebo. Alichukua kioo chake cha kukuzia, akasoma akisogeza midomo, kama alivyotufundisha tusifanye.

"Mwandiko wako haujapona," akasema. Kisha akasoma tena. "Maana yake nini hii?"

Nikamweleza, kwa sauti ya juu ili asikie, na kwa kuwa nilipaza sauti nadhani majirani pia wamesikia. Niliona ni sawa. Kila kitu, mpaka ile mpya ya tabaka saba, mpaka karatasi, mpaka boksi la kiberiti.

"Kwa hiyo nililolisema msibani halikuwa kweli."

"Halikuwa."

"Na ulikuwepo."

"Nilikuwepo, Mwalimu."

"Ungekuwa bado darasani kwangu ningekusimamisha pale mlangoni." Akageuka kwa shida kwenye kiti chake, akamtazama shemeji. "Mama, nilisema mumeo mikono ilimchoka. Nimekosea. Nilisema mbele ya watu, nitajisahihisha mbele ya watu. Nipe wiki, magoti haya hayana haraka."

Shemeji akasema, "Asante, Mwalimu." Sauti yake ilikuwa ndogo na Mwalimu hakuisikia. Ikabidi aseme tena.

Santuri ya kwanza Mwalimu aliichagua mwenyewe, alijua mahali pake kwa kupapasa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakuna aliyenituma, miguu ilikwenda yenyewe.

Sauti ilipotoka, Mwalimu alifumba macho. Sijui kuandika muziki. Najua tu kwamba mwimbaji alivuta pumzi kabla ya kuimba, na pumzi ile tuliisikia, na Mwalimu, mwenye masikio yale, akainua kidole kuonyesha kwamba naye ameisikia.

Shemeji alifungua mkoba, akatoa Mpelelezi. Sikujua alikuwa amemchukua kutoka karakana. Akamfungua katikati ya stesheni mbili, akamweka kando ya mashine, akasogeza sikio karibu naye, upande wa spika ndogo, shavu limegusa kabisa. Akakaa hivyo upande mzima wa santuri, sisi wawili tukisikiliza muziki na yeye akisikiliza kama kuna kitu kingine.

Santuri ilipokwisha, Mwalimu akauliza, "Huyo anasikiliza nini?"

"Anasikiliza kama mashine inalia," nikasema.

"Inalia?"

Shemeji akainuka. Shavuni alikuwa na alama za wavu wa redio, miraba midogo midogo. "Hailii," akasema.

Nje mvua haikuwepo. Tulitembea pamoja mpaka njia panda. Pale akasimama akahamisha mkoba bega la pili. "Na ile uliyosuka tabaka saba," akasema, "utaifanyia nini?"

"Sijui."

"Iwe ya kuzuia mlango. Wa kwangu unapigwa na upepo." Akaenda zake. Hakucheka, lakini alilisema.

Mei 20, Jumatatu

Jua. Nimeifuta vumbi ile transfoma mpya, nimeibandika lebo: unene wa waya, mizunguko yote, tabaka saba, nimesuka mimi. Kesho nitampelekea shemeji. Leo nimeiweka kwenye meza ya mdogo wangu, ile ya ukutani, pale mashine ilipokuwa, ikae siku moja.